Daraja Bovu: Lifunguliwe kwa Uzito Gani?

Mgeni anayefika Mji Mkongwe wa Unguja huonyeshwa mahali paitwapo Darajani, penye soko kuu lililofunguliwa mwaka 1904, na huenda akashangaa kutoona daraja lolote hapo. Jina limedumu kuliko kitu chenyewe. Hapo zamani mkono wa bahari uliingia nyuma ya mji, na maji yalipojaa Mji Mkongwe ulikaribia kuwa kisiwa. Upande wa pili uliitwa Ng'ambo, na daraja ndilo lililounganisha pande hizo mbili. Katika karne ya 20 mkono huo wa bahari ulifukiwa kidogo kidogo, pakapatikana barabara na viwanja, na daraja likakosa kazi. Majina ya Darajani na Ng'ambo yamebaki kuwa ushahidi kwamba maisha ya mji mmoja yaliwahi kutegemea kivuko kimoja.

Si kila mahali maji yanaweza kufukiwa. Katika kisiwa hicho hicho, Kibonde Mzungu palifahamika kwa miaka mingi kuwa mahali ambapo mvua za masika huikata barabara, hata likajengwa daraja. Barani, ambako mito ni mikubwa, mikoa mizima hutegemea daraja moja. Daraja la namna hiyo likipata dosari, hutokea mabishano yanayofanana kila mahali. Wafanyabiashara, madereva na wazazi wa wanafunzi husema, "Lifunguliwe, mbona limesimama?" Wahandisi husema, "Subirini." Kila upande huuona mwingine kuwa haujali maisha ya watu. Makala haya yanaeleza yale ambayo sayansi inaweza kuyasema katika mabishano hayo, na yale ambayo haiwezi kuyaamua.

Mfano wa Karuma

Daraja la Karuma nchini Uganda lilijengwa mwaka 1963 juu ya Mto Nile, katika barabara kuu itokayo Kampala kwenda kaskazini. Kwa miaka sitini lilipitisha abiria na shehena za Gulu na Arua, na pia bidhaa zinazokwenda Sudan Kusini na mashariki ya Kongo. Mwaka 1963 malori hayakuwa mengi wala mazito kama ya leo. Wakaguzi walipoona kwamba sakafu ya daraja imechakaa, malori na mabasi makubwa yalizuiwa mwezi Mei 2024, huku magari madogo yakiendelea kupita. Tarehe 23 Septemba mwaka huo huo daraja likafungwa kwa magari yote ili litengenezwe.

Kufungwa huko hakukuwa jambo jepesi kwa wananchi. Magari yalilazimika kuzunguka, mengine kupitia Masindi na mbuga ya Murchison Falls. Safari zikawa ndefu, nauli zikapanda, na bidhaa zikachelewa. Palikuwa na waliouliza kwa nini daraja jipya halikujengwa kwanza ndipo la zamani lifungwe. Mwezi Desemba 2024 daraja lilifunguliwa tena baada ya matengenezo.

Jambo la kuangaliwa katika mfano huu ni mpangilio wa hatua. Daraja lilipita katika hali tatu: wazi kwa wote, wazi kwa magari mepesi, na kufungwa kabisa. Kati ya ndiyo na hapana palikuwa na nafasi, na nafasi hiyo ilipimwa kwa tani. Ili kufahamu sababu yake, yafaa kwanza kujua nini maana ya kusema kwamba daraja limeharibika.

Akiba ya nguvu

Mhandisi anaposanifu daraja halifanyi liwe na nguvu zinazotosha tu kubeba mizigo inayotazamiwa. Huliongezea nguvu za ziada, kwa sababu zege huweza kuwa dhaifu kidogo kuliko ilivyokusudiwa, malori huzidisha shehena, na mito hufurika kuliko ilivyozoeleka. Nguvu hizo za ziada zinaweza kuitwa akiba ya usalama.

Na ichukuliwe hesabu rahisi. Tuseme kuna boriti ambayo ingevunjika ikibebeshwa tani 100, na kwamba mzigo mkubwa kabisa unaopita juu yake kila siku ni tani 40. Akiba yake ni tani 60. Kutu na nyufa zikiipunguzia boriti hiyo nusu ya nguvu zake, sasa itavunjika kwa tani 50. Hata hivyo tani 40 zitaendelea kupita kila siku kama zamani. Mpita njia hataona tofauti yoyote. Akiba, lakini, imeshuka kutoka tani 60 hadi 10, na lori moja lililozidisha shehena, likikutana na jingine katikati ya daraja, linaweza kuimaliza.

Hii ndiyo sababu hoja ya kwamba daraja "limesimama" haina uzito mkubwa. Ubovu hula akiba kwanza. Kile kinachoonekana kwa macho, yaani kusimama kwa daraja, hakibadiliki mpaka akiba imekwisha, na hapo mabadiliko huja kwa ghafula. Wakazi wa Unguja wanao mfano wa karibu, ingawa si wa daraja. Jumba la Maajabu, Beit al-Ajaib, lilijengwa mwaka 1883 katika enzi ya Sayyid Barghash. Lilisimama kwa zaidi ya miaka mia moja na thelathini mbele ya bahari. Sehemu yake iliwahi kuanguka mwaka 2012, na tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya ukarabati ikiwa inaendelea, sehemu kubwa iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Kuzeeka kwa jengo hilo kulichukua miongo mingi, lakini kuporomoka kwake kulikuwa kwa ghafula.

Mambo matatu yanayokula akiba

Jambo la kwanza ni maji yanayopita chini ya daraja. Mto ukifurika, maji yapigayo nguzo hujipinda na kuzunguka kwa nguvu, na mzunguko huo huchimba mchanga kwenye mguu wa nguzo. Shimo huwa kubwa zaidi wakati mafuriko yamefikia kilele. Maji yakianza kupungua, hubwaga tope na mchanga laini ndani ya shimo hilo hilo na kulijaza. Mtu anayefika siku ya pili huona mto umetulia na nguzo imesimama katika mchanga kama awali. Kumbe mchanga huo mpya haujashindiliwa, wala hauwezi kuishika nguzo. Kwa hiyo mkaguzi hachungulii tu; huchomeka fimbo ya chuma ardhini, au humtuma mpigambizi, ili ajue udongo mgumu unaanzia kina gani.

Wakati mwingine daraja lenyewe hubaki zima, bali tuta la kuliingilia ndilo huliwa na maji. Mwezi Januari 2014 mafuriko yalikata njia katika daraja la Dumila, kwenye barabara ya Morogoro kwenda Dodoma, na magari yakakwama pande zote mbili. Tuta hurudishwa upesi kuliko nguzo, lakini ni lazima kwanza ichunguzwe kama maji yaliyokula tuta hayakula na msingi.

Binadamu naye huweza kuusaidia mto katika kazi hiyo ya kubomoa. Tarehe 4 Machi 2001 nguzo moja ya daraja la Hintze Ribeiro, nchini Ureno, ilianguka wakati mto umefurika. Basi na magari madogo yalitumbukia, na watu 59 wakafa. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni uchimbaji wa mchanga wa ujenzi uliofanywa mtoni kwa miaka mingi, ambao ulishusha kitanda cha mto na kuziacha nguzo bila kinga. Katika nchi ambako mchanga huchotwa mitoni kila siku kwa ajili ya kujengea nyumba, fundisho hilo halihitaji maelezo marefu.

Jambo la pili ni kutu. Zege ni imara sana inapogandamizwa, lakini ni dhaifu inapovutwa. Ndiyo maana nondo za chuma hulazwa ndani yake, upande ule unaovutwa. Zege nzima huilinda nondo isipate kutu. Chumvi ya bahari hupenya katika vitundu vidogo vya zege mpaka ikaifikia nondo, na ulinzi huo huvunjika. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara mbili na zaidi. Kwa hiyo nondo inayooza huvimba na kuipasua zege kutoka ndani. Mstari wa rangi ya hudhurungi chini ya boriti, au kipande cha zege kilichobanduka, ni dalili kwamba jambo hilo limekwisha kuanza. Visiwani, ambako upepo wa kusi na wa kaskazi hubeba chumvi mwaka mzima, dalili hizi huonekana hata katika baraza za nyumba.

Jambo la tatu ni uchovu wa metali. Mtu akikunja waya mara moja haukatiki. Akiukunja na kuukunjua mara nyingi hukatika, ingawa kila mkunjo haukuwa na nguvu kupita ule wa kwanza. Vivyo hivyo kila lori linalopita huacha alama isiyoonekana katika chuma cha daraja. Majaribio yameonyesha kwamba katika viungo vya chuma madhara hayo hukua takriban kwa kipeo cha tatu cha mkazo. Maana yake, mkazo ukiongezeka mara mbili, madhara ya kila safari huongezeka mara nane. Lori lililobeba mara mbili ya kiasi chake hutumia umri wa daraja kama malori manane yaliyobeba kwa haki.

Daraja lililoitwa Silver Bridge, nchini Marekani, lilijengwa mwaka 1928. Tarehe 15 Desemba 1967, jioni, likiwa limejaa magari, lilianguka katika mto Ohio na watu 46 wakafa. Chanzo kilikuwa ufa wenye kina cha milimita mbili na nusu hivi katika kiungo kimoja cha mnyororo, mahali ambapo jicho lisingefika bila kukifungua kiungo chenyewe. Asubuhi ya siku ile magari yalipita salama. Basi, dereva anayesema "jana nilipita na halikuanguka" ametoa habari za jana tu.

Jinsi ya kulipima daraja

Mkaguzi huanza kwa macho, kisha kwa nyundo. Akigonga zege nzima husikia mlio mkavu na mkali. Akigonga iliyoachana ndani husikia mlio wa kitu chenye uwazi. Baada ya hapo hufuata vipimo vya upana wa nyufa, vya kina cha chumvi ndani ya zege, na vya unene wa chuma kilichobaki.

Kisha huweza kufanywa jaribio la mzigo. Malori yaliyopimwa uzito husimamishwa katika mahali maalumu, na kiasi cha kushuka kwa boriti hupimwa. Hapa kanuni ya Hooke, inayofundishwa katika shule za sekondari, hutumika. Mzigo ukiongezwa kwa hatua zilizo sawa, boriti nzima hushuka kwa hatua zilizo sawa, na mzigo ukiondolewa hurudi mahali pake. Boriti ikianza kushuka kwa hatua kubwa kuliko za kwanza, au isiporudi yote, imevuka mpaka wa unyumbufu wake, na jaribio husimamishwa mara moja. Jaribio hili ni tofauti na kupitisha lori kwa kubahatisha, kwa kuwa hapa mzigo unajulikana, hatua ni ndogo, na kuna mtu anayesoma kipimo.

Walimu wanaweza kulionyesha jambo hili darasani. Vinahitajiwa rula ndefu au ubao mwembamba, matofali mawili, na mawe yaliyopimwa uzito.

1. Ubao ulazwe juu ya matofali, na jiwe liwekwe katikati. Wanafunzi wapime ubao umeshuka milimita ngapi, kisha waongeze mawe yaliyo sawa, moja baada ya moja, na kuchora grafu.

2. Jiwe lisogezwe kutoka katikati hadi robo ya urefu. Kushuka kutapungua. Kwa hesabu, nguvu ya kupinda iliyo kubwa kabisa, mzigo ukiwa kwenye robo, ni robo tatu ya ile inayopatikana mzigo ukiwa katikati.

3. Matofali yasogezwe mpaka nafasi kati yake iwe nusu ya ile ya kwanza, na jiwe liwekwe tena katikati. Kushuka kutakuwa karibu sehemu moja ya nane. Hii ndiyo faida ya kuongeza nguzo ya muda chini ya daraja bovu.

4. Ubao huo ulinganishwe na mwingine wenye upana ule ule lakini mwembamba zaidi. Ukakamavu wa ubao hufuata kipeo cha tatu cha unene wake. Ubao wenye unene wa asilimia 80 ya mwenzake una ukakamavu wa asilimia 51 tu. Zege yenye nondo ina hesabu zake, lakini funzo ni lile lile: sakafu iliyolika kidogo imepoteza zaidi ya kile kinachoonekana.

Njia za kati

Baada ya vipimo, wahandisi wanaweza kupendekeza masharti mbalimbali. Uzito wa juu huweza kuandikwa kwenye kibao na kulindwa kwa mizani, au kwa vizuizi vinavyozuia magari mapana. Magari huweza kuruhusiwa kupita moja moja, upande mmoja kwa zamu, ili malori mawili yasikutane katikati. Mwendo huweza kupunguzwa, maana gari linaloruka shimo hupiga sakafu kwa nguvu kuliko uzito wake. Nguzo za muda huweza kuongezwa. Daraja huweza kufunguliwa wakati wa kiangazi na kufungwa mto unapofika alama fulani. Na pengine huweza kuachiwa waendao kwa miguu na wapanda baiskeli peke yao.

Mfano wa hili la mwisho ni daraja la Hammersmith, London, lililofunguliwa mwaka 1887, miaka minne tu baada ya kujengwa Jumba la Maajabu. Majengo haya mawili ni ya zama moja, na yote mawili yalitumia chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Chuma hicho hustahimili mgandamizo, lakini huvunjika ghafula kinapovutwa. Mwezi Aprili 2019, baada ya nyufa nyembamba kuonekana katika vitako vya chuma hicho, magari yalizuiwa. Mwezi Agosti 2020 nyufa zilipanuka wakati wa joto kali, na hata waendao kwa miguu wakakatazwa. Minyororo ya daraja hurefuka kwa joto, na sehemu zilizopasa kuteleza ili kuipa nafasi zilikuwa zimeganda. Mwezi Julai 2021 wapita kwa miguu na wapanda baiskeli walirudishiwa njia, lakini hadi mwaka 2025 magari yalikuwa bado hayajaruhusiwa. Wakazi waligawanyika. Wapo waliolalamika kwamba mabasi na magari ya wagonjwa yanazunguka mbali. Wapo waliofurahia utulivu na kutaka daraja liachwe bila magari. Na mamlaka zilivutana juu ya nani alipe gharama. Utajiri wa mji, kwa hiyo, hauondoi mabishano ya namna hii.

Nani aamue?

Hapa ndipo mpaka wa sayansi ulipo. Mhandisi anaweza kusema kwamba daraja fulani linaweza kubeba tani 10, gari moja kwa wakati mmoja, mpaka masika yaanze. Hawezi, kwa vipimo vyake peke yake, kusema kama mji uvumilie miezi mitatu ya kuzunguka ili daraja lote litengenezwe, au ukubali mwaka mzima wa njia ya upande mmoja. Hilo ni jambo la wananchi na viongozi wao, kwa sababu wao ndio wanaojua ni wagonjwa wangapi wanaovuka, shule ziko upande gani, na mazao huoza baada ya siku ngapi.

Yafaa pia kukumbuka kwamba kufunga daraja si usalama mtupu. Watu wakikosa daraja hutafuta njia nyingine, na njia hiyo huweza kuwa na hatari kubwa zaidi. Palipo na maji watu huingia katika vyombo vilivyojaa kupita kiasi. Kivuko cha Mtongwe, Mombasa, kilizama tarehe 29 Aprili 1994 na kuua zaidi ya watu 270, na wakazi wa mwambao hawajasahau. Mamlaka inayofunga daraja ina wajibu wa kuuliza siku hiyo hiyo watu watavukia wapi, na chombo kitakachowavusha kina akiba gani ya usalama.

Kwa upande wao wananchi wana haki ya kupewa matokeo ya ukaguzi kwa lugha wanayoielewa: nini kimeharibika, kimepimwaje, daraja limebakiwa na tani ngapi, na litakaguliwa tena lini. Panapokosekana majibu hayo, watu huona kizuizi barabarani kama kero tu, na usiku dereva mmoja hukisogeza kando akapita. Panapokuwa na majibu, kibao chenye tarakimu ya tani huheshimiwa zaidi, kwa kuwa kila mtu anajua tarakimu hiyo ilitoka wapi.

Basi mwanafunzi atakaposikia watu wakibishana juu ya daraja bovu, asiwe mwepesi wa kujiunga na wanaosema "lifunguliwe" wala na wanaosema "lisifunguliwe". Na aulize kwanza: kwa uzito gani, kwa magari mangapi kwa wakati mmoja, kwa muda gani, na nani atakayelitazama? Swali likiulizwa hivyo, wahandisi na wananchi watakuwa wanajibu jambo moja, na hapo ndipo uamuzi wa busara unaweza kupatikana.